Moshi Chini ya Kigoda

Nakumbuka siku moja nyanya yangu aliniuliza swali mbele ya watu wazima wote wa nyumba yetu, nami nikakosa jibu. Alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa nyumba yake kule Manga, amempa mkwewe mgongo kama adabu yetu inavyotaka, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Kemunto, wewe umesoma. Hiyo moshi iko chini ya kiti ni ya jiko la nani?"

Nitakueleza swali hilo lilitoka wapi, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa bado sina mvi hata moja; wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu hilo linatosha. Umeniambia unataka kuingia katika kazi yangu ya kununua samani za zamani na kuwauzia watu wanaojenga nyumba mpya, na umeniomba nikufundishe kutambua cha kweli na cha uongo. Basi tuanze na hicho kigoda unachokikalia.

Mimi nilizaliwa na shaka. Katika Shule ya Sabato nilimuuliza mwalimu maswali mpaka akaniomba nimwonee huruma, kuna watoto wengine darasani. Chuo kikuu hakikuniponya; kilinipa tu maneno marefu ya kutilia shaka. Nilipomaliza na kazi isipatikane, nikagundua kwamba kuna mahali shaka inamlisha mtu: mbele ya kabati la zamani na mwenye kabati anayesifu.

Mzee mmoja karibu na Itumbe alitaka kuniuzia kabati la vyombo. Alisema liliachwa na bwana shauri wa kikoloni, akataja mpaka jina la mbwa wa bwana shauri. Mbele lilikuwa zuri kweli, limepakwa vanishi likang'aa. Nikaomba lisogezwe kutoka ukutani. "Ya nini?" akauliza. "Nyuma hakuna kitu." Nyuma kulikuwa na mbao nyembamba za masanduku ya chai, na maandishi yake yangali yanasomeka kwa mbali, yamepinduka kichwa chini. Yalitaja kiwanda ambacho hata mtoto wa pale anajua kilijengwa baada ya Uhuru. Yule mzee akakohoa. Nikalinunua kwa bei ya kabati la mkulima, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, na mpaka leo naona lilikuwa zuri zaidi kwa kuwa la mkulima. Alichagua masanduku yake vizuri, mtu yule, akayakwangua, akayapanga. Bwana shauri hangejua kufanya hivyo.

Tangu siku hiyo watu wa nyumbani wakasema Kemunto anajua vitu vya zamani. Ndiyo maana waliniita.

Sasa nikueleze kigoda. Kwa lugha yetu ni ekerogo. Kimechongwa kutoka gogo moja, bila msumari wala gundi, miguu mitatu na kikalio kilichobonyea katikati, na juu yake shanga ndogo nyekundu, nyeupe na za bluu zimepigiliwa ndani ya mti. Kilikuwa cha baba yake babu yangu, kisha kikawa cha babu yangu, mzee Momanyi. Hakuna mwanamke aliyekikalia, hakuna mtoto, hakuna mkwe. Mzee akitoka, kiliegemezwa ukutani sebuleni, kikalio kikitazama ukuta, ili mgeni asije akakosea. Nilipokuwa mdogo niliuliza, "Kwani msichana akikikalia kitavunjika?" Mama akanifinya chini ya meza, na hilo ndilo jibu nililopata.

Mzee Momanyi alipofariki, wanawe wawili wakakigombania. Baba yangu, yaani babu yako, alisema yeye ndiye mkubwa. Baba mdogo Makori akasema yeye ndiye aliyebaki nyumbani, aliyemwogesha mzee na kumlisha uji alipokuwa hajiwezi. Waligombana mbele ya waombolezaji, wageni wangali na sahani mikononi. Na kabla matanga hayajaisha, kigoda kikatoweka. Kila mmoja akamwambia mwenzake mwizi. Mashamba yao ya chai yanapakana, wewe mwenyewe unajua, kijia tu kiko katikati. Kwa miaka miwili walichuma chai pande mbili za kijia hicho bila kusalimiana. Nyanya Kwamboka aliwapikia wote wawili, kila mmoja kwa saa yake.

Kisha Makori akakiona kigoda katika duka la vitu vya zamani mjini Nyamira. Mwenye duka alimwambia aliuziwa na mtu mmoja mrefu wa upande wa ziwa, mwenye haraka. Makori hakuuliza zaidi. Alitoa bonasi yake ya chai, akakibeba mpaka nyumbani, akampigia simu kila mtu. Pia alimwita Owuor, mume wa shangazi Nyaboke, fundi wa umeme aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Kisii mjini. Kwao ni upande wa ziwa, na ni mrefu. Shangazi mwenyewe alikuwa Kisumu kwenye mafunzo ya kazi, kwa hiyo Owuor alikuja peke yake, na shati amelichomekea vizuri kama mtu anayekwenda kanisani.

Tulikaa uani. Kwa sababu ya mkwe tuliongea Kiswahili. Nyanya alikuwa na ungo wa mboga ya chinsaga mapajani, anachambua majani taratibu, uso ameuelekeza mlangoni. Yeye na Owuor hawapeani mikono wala hawatazamani. Ndivyo heshima ya mkwe na mama mkwe ilivyo kwetu, na Owuor aliishika kuliko wengi waliozaliwa nayo.

"Shemeji," Makori akaanza, "unajua hii kiti?"

"Naijua kama wengine wanavyoijua."

"Mwenye duka anasema ni mtu mrefu wa ziwa aliuza."

"Watu warefu wa ziwa ni wengi," baba akasema. "Hata wafupi wako, tusisahau."

"Usifanye mchezo!" Makori akasimama. "Huyu alikuwa hapa wiki ya mazishi. Aliondoka na pikapu. Miaka miwili nimeitwa mwizi kwa boma ya baba yangu. Leo aseme. Kama hasemi, asikanyage hapa tena, na Nyaboke akae huko huko na yeye."

Vidole vya Nyanya vikasimama juu ya mboga. Nyaboke ndiye binti yake wa pekee.

Owuor alitazama viatu vyake. "Mimi sina neno," akasema. "Kama mmeona ni mimi, semeni."

Mwanangu, nilimshuku hapo hapo. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, nilijiambia. Anaapa, anadai aletewe mwenye duka. Huyu alinyamaza kama mtu aliyebeba maji hataki yamwagike. Lakini pia nilimshuku Makori, kwa sababu alihitaji mwizi, na mwizi asiyekuwa ndugu alikuwa amempata kwa urahisi mno. Nilimshuku mwenye duka, maana wauzaji wa vitu vya zamani humpa mteja hadithi anayoitaka. Nilimshuku hata baba, aliyekuwa mtulivu kupita kiasi. Wote niliwapitia mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kuku jioni.

"Kemunto," baba akaniita, "hii ndiyo kazi yako. Angalia. Kwanza tujue kama ndiyo yenyewe."

Nikachukua uzi. Nikapima kikalio upande mmoja, kisha nikakigeuza na kupima upande wa pili. Vipimo havikulingana. Hiyo ni dalili nzuri, ishike: mti ukikauka kwa miaka mingi hunywea upande mmoja zaidi kuliko mwingine, na kitu kilichochongwa duara huwa si duara tena. Kipya kitakuwa duara safi. Nikatazama nyayo za miguu. Kingo zilikuwa zimelika zikawa butu, na udongo umeingia ndani ukawa mgumu kama jiwe. Nikafungua ufa kwa ncha ya kisu. Ndani ulikuwa mweusi, si mweupe kama ufa wa jana. Shanga zilikuwa zimesuguliwa na makalio ya vizazi mpaka zikawa bapa. Kulikuwa na waya uliofunga mguu mmoja, na kutu yake ilikuwa imezama ndani ya mti kama chai kwenye kitambaa.

"Hiyo waya niliona baba akifunga kwa macho yangu," Makori akasema.

Nikakipindua kigoda miguu juu, nikapitisha kidole tumboni mwake. Kidole kikatoka cheusi. Masizi. Si vumbi, masizi yenye mafuta, yamegandamana, na ukinusa unapata jikoni kabisa: kuni, maziwa yaliyomwagika, mboga. Na kwenye ukingo kulikuwa na mikato midogo ya kisu, mingi, imepangana.

Moyo ukanipiga kwa furaha ya aina yake. Hila hiyo niliijua, nilikuwa nimewahi kuuziwa. Kiti kipya hupakwa mafuta, hutundikwa juu ya jiko la kuni mpaka kipate rangi ya uzee, halafu hukwaruzwa kwa kisu kionekane kimeishi.

"Kiti cha mzee kiliwahi kuingia jikoni?" nikauliza.

"Kiingie jikoni kufanya nini?" baba akashangaa. "Kuna mtu hapa alikiona jikoni?"

Hakuna. Makori mwenyewe akatikisa kichwa.

"Basi mbona kimejaa moshi chini?"

Hapo ndipo Nyanya aliposema, bila kugeuka, swali nililokuambia mwanzoni. Ni ya jiko la nani?

Nikakinusa tena kidole. Naweza kukuambia moshi ni wa kuni au wa makaa. Siwezi kukuambia ni wa nyumba ipi, na hakuna mtu anayeweza.

"Sijui, Nyanya."

"Hujui." Akachukua jani, akalichambua. "Na utaapa hiyo kiti ni ya marehemu?"

"Siwezi."

"Umesikia, Makori. Hawezi."

Nikawaeleza kadiri nilivyoona: dalili nyingi zinasema ni cha zamani, lakini moshi unasema kuna mtu amekichezea, na kwa hiyo mimi sitasema ndicho. Makori akafoka. Akasema mimi nimesoma mpaka nimeharibika, nashuku hata uji nikipewa na mama yangu. Akampigia simu mwenye duka hapo hapo, akaweka sauti tusikie wote, na yule bwana akamjibu kwa upole kwamba kitu kikishatoka dukani hakirudi.

Ndipo baba akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa. "Makori, ndugu yangu, umenunua kiti ya moshi na bonasi yote!"

Walikuwa hawajaitana ndugu kwa miaka miwili. Makori akamtazama kwa hasira, mdomo ukamchezacheza, kisha naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeumia, lakini kicheko. Na kama kigoda hakikuwa chenyewe, basi Owuor hakuwa ameuza kitu. Makori hakuomba msamaha, hajui kuomba. Alisema tu, "Shemeji, usiende. Chai iko jikoni."

"Na hii tunafanyia nini?" baba akauliza, akikisukuma kigoda kwa mguu. Kwa mguu! Saa moja kabla angempiga mtu kwa kufanya hivyo.

"Kama ni ya uongo, leteni hapa," Nyanya akasema. "Nikae nikichambua mboga. Mkeka unaniumiza mgongo."

Hakuna aliyepinga. Kigoda cha uongo hakina mwiko. Nikambebea, akainuka, akakaa. Niliona kitu wakati huo na sikukitilia maanani: hakukipapasa. Mtu akikalia kiti kigeni hutafuta kwanza kwa mkono. Yeye alijishusha tu, moja kwa moja, kama unavyojilaza kwenye kitanda chako taa ikiwa imezimwa.

Jioni tulipokuwa tukiosha vyombo, yeye kwenye kigoda chake, mimi nimechuchumaa, aliniambia kwa lugha yetu: "Shaka yako ni nzuri, mwana wa mwanangu. Leo imetusaidia. Lakini haiko sawa. Unashuku watu wote isipokuwa wale unaowapenda. Hiyo si akili tena, ni upendeleo."

Nikadhani anamsema baba. Nikamwambia, "Nilimshuku hata baba."

"Najua," akasema, akaniongezea maji.

Kigoda kilibaki jikoni kwake mpaka alipotutoka. Kwenye kugawa vitu hakuna aliyekitaka, nikakichukua mimi.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, uzishike hata kama wewe pia ni mtu wa kubisha. Ukienda kununua, usianze na mbele ya kitu. Mbele ndipo kila mtu alipojua utatazama. Omba kisogezwe, kipinduliwe, droo itolewe nje kabisa. Mahali pasipotarajia macho ndipo penye ukweli. Nusa. Pima kwa uzi. Angalia kama kuchakaa kuko mahali mwili unapogusa kweli, kwenye mkono wa kiti, kwenye mpini wa droo, kwenye ubao wa chini ambapo visigino hupiga. Kuchakaa kulikoenea kote sawasawa ni kazi ya msasa, si ya maisha. Usipake vanishi mpya juu ya uzee wa mti, utafuta kile unachouza. Kiraka cha zamani kisikutishe. Mtu hatengenezi asichokithamini. Na usilipie hadithi. Lipia mti, halafu hadithi ikikubaliana na mti, ongeza kidogo.

Hayo ni ya mkono. La kichwa ni hili. Alama haidanganyi, ila maelezo yake yanaweza kudanganya. Ukipata maelezo ya kwanza yanayokupendeza, yanayokufanya uonekane mwerevu mbele ya watu, simama hapo hapo utafute ya pili, na ya tatu. Jiulize kuna mtu gani chumbani hujamshuku, na kwa nini. Usimshuku ili umshike. Mshuku kwa sababu naye ameishi, ana mikono, ana siku zake ambazo hukuziona. Kumwacha mtu nje ya shaka yako kabisa ni kumwona kama picha ukutani.

Mungu akupe macho ya kutazama chini ya vitu bila kuchafuka moyo. Akupe pua ya kunusa uongo, na ulimi wa kusema "sijui" mbele ya wajomba na mashangazi wakikutolea macho. Viti vya nyumba yako visikose wa kuvikalia, na wanaovikalia wasikose wa kuwauliza habari zao.

Nimekubakishia jambo moja, nililolijua baada ya Nyanya kuzikwa, shangazi Nyaboke na mimi tulipokuwa tukitenga masufuria yake. Mzee Momanyi alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai Kericho, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Katika wiki hizo kigoda kilikuwa jikoni. Wavulana wakishalala, Nyanya alikikalia akipika, akikata ndizi kwenye ukingo wake, na Nyaboke pekee ndiye aliyekuwa macho akimsaidia. Mzee akikaribia kurudi, Nyanya alikisugua juu kwa majivu na mafuta, akakirudisha ukutani. Chini hakuwahi kukipindua. Wanawe walipokigombania, alimtuma Nyaboke akamwombe mumewe akitoe nyumbani, akiuze popote, mradi wasikione tena, na Owuor akakipakia kwenye pikapu ndani ya gunia la ndizi. Siku ile uani hakuweza kumtaja mama mkwe wake, akachagua kuitwa mwizi. Kigoda kilikuwa chenyewe, na moshi ule ulikuwa wa jiko la aliyeuliza.